Seli za Ubongo na Joto la Mwili: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya hurudi tena na tena kliniki, darasani na kwenye makundi ya wazazi. Tumeanza na ya msingi, tukaishia na yale ya nadra. Aliye na mtoto anayechemka sasa hivi asisome kwa mpangilio: aende moja kwa moja swali la 14 hadi la 17.

## Mambo ya msingi

1. Joto la mwili linatoka wapi, na ubongo unahusikaje?

Kila seli iliyo hai hutumia chakula kupata nishati, na sehemu kubwa ya nishati hiyo huishia kuwa joto. Mtu mzima aliyekaa kimya hutoa joto la wati 80 hadi 100 hivi. Akikimbia, kiasi hicho huweza kuzidi mara kumi. Kama joto hilo lingekuwa halina pa kutokea, hata aliyelala tu angepanda zaidi ya nyuzi moja kwa saa, na kabla ya siku kwisha angekuwa amekufa.

Kwa hiyo kuna vitabu viwili vya kulinganisha muda wote: joto linalozalishwa na joto linalopotea. Anayelinganisha ni ubongo. Moyo, ngozi, misuli na tezi za jasho hutekeleza tu. Amri hutoka kwenye seli za neva zilizo chini kabisa ya ubongo.

2. Seli hizo ziko sehemu gani?

Ziko kwenye haipothalamasi, sehemu yenye uzito wa gramu 4 hivi katika ubongo wa mtu mzima wenye takriban gramu 1,300 hadi 1,400. Ukiingia kwa mawazo katikati ya kichwa, nyuma ya macho na juu ya paa la mdomo, umeifikia. Sehemu yake ya mbele, karibu na pale mishipa ya macho inapokutana, huitwa eneo la prioptiki, na hapo ndipo kwenye kiini cha habari hii.

Si seli zote za eneo hilo zinazojali joto. Nyingi hazibadiliki hata damu ikipata moto. Lakini kuna kundi linaloongeza kasi ya kupiga ishara zake za umeme kadiri damu inayopita inavyopata joto, na kupunguza inapopoa. Kundi dogo zaidi hufanya kinyume chake. Mabadiliko ya sehemu ya nyuzi moja tu yanatosha kuziamsha.

3. Nani aligundua kwamba kazi hii ni ya ubongo?

Mwaka 1885 Aronsohn na Sachs, wakiwa Berlin, walionyesha kwamba kuchoma kwa sindano sehemu fulani ya ubongo wa mnyama kunampandisha joto bila ugonjwa wowote. Mwaka 1912 Henry Barbour akaenda mbele: aliweka mirija midogo ndani ya ubongo wa sungura na kupitisha maji. Maji ya moto yalipopita, joto la mwili wa sungura lilishuka. Yalipopita ya baridi, sungura alitetemeka na joto likapanda. Ubongo ulikuwa umedanganywa kuhusu hali ya mwili, nao ukatoa amri kulingana na uongo huo. Ni jaribio rahisi, na bado ndilo linaloeleza jambo hili vizuri kuliko mengine mengi yaliyofuata.

Mwaka 1961 Nakayama na wenzake walirekodi ishara za seli mojamoja za eneo la prioptiki na kuziona zikiongeza kasi zinapopashwa joto. Tangu hapo hakukuwa na shaka kwamba vipimajoto vyetu ni seli za neva.

4. Joto la kawaida ni nyuzi ngapi? Mbona kipimajoto changu hakisemi 37?

Namba 37 ilienea kupitia daktari Mjerumani Carl Wunderlich, aliyechapisha mwaka 1868 vipimo vya kwapani vya wagonjwa wapatao 25,000 wa Leipzig. Uchambuzi uliotoka Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 2020 ulionyesha kwamba wastani wa Wamarekani umekuwa ukishuka tangu karne ya 19, na sasa uko karibu na nyuzi 36.6.

Kwa matumizi ya nyumbani usiishikilie namba moja. Mtu mzima mwenye afya huweza kuwa na 36.2 alfajiri na 37.3 jioni. Kwapani husoma chini kuliko mdomoni, na mdomoni chini kuliko njia ya haja kubwa. Kwa watoto, vituo vya afya vinavyofuata mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) huhesabu 37.5 kwapani au zaidi kuwa homa.

5. Kwa nini joto hubadilika kati ya asubuhi na jioni?

Jirani na eneo la prioptiki kuna kikundi cha seli zipatazo 20,000 zinazohesabu saa za siku kwa kusaidiwa na mwanga unaoingia machoni. Hizo hushusha joto hadi kiwango cha chini kabisa saa chache kabla ya mapambazuko na kulifikisha juu alasiri au jioni. Tofauti ni kati ya nusu nyuzi na nyuzi moja.

Usingizi huja mwili unapoanza kushuka joto: mishipa ya mikono na miguu hufunguka, joto linatoka, kope zinakuwa nzito. Ndiyo maana kuoga maji ya uvuguvugu saa moja au mbili kabla ya kulala huwasaidia wengi, hata mikoa ya joto. Maji hayo hufungua mishipa ya ngozi, na ukishatoka bafuni joto la ndani linapungua.

## Habari hufikaje kwenye ubongo

6. Ubongo umefungiwa ndani ya fuvu. Unajuaje kwamba nje kuna baridi?

Una njia mbili. Ya kwanza ni damu: seli za prioptiki hupima joto la damu inayopita. Ya pili ni ngozi, ambako ncha za neva zina vijilango vya protini vinavyofunguka kwa joto la kiwango fulani. Kimoja, kiitwacho TRPV1, hufunguka joto linapozidi nyuzi 43 hivi, mahali ambapo joto huanza kuwa maumivu. Kingine, TRPM8, hufunguka kwa ubaridi. David Julius na Ardem Patapoutian walipata Tuzo ya Nobel ya mwaka 2021 kwa kazi ya kuvifichua vijilango vya joto na vya mguso.

Ishara ya ngozi hupanda kwa uti wa mgongo, hupitia shina la ubongo, kisha hufika prioptiki. Umuhimu wake ni kwamba inatangulia. Ukiingia kwenye maji ya baridi ya mto, unaanza kutetemeka kabla damu yako haijapoa hata kidogo. Ubongo haungoji madhara yatokee.

7. Pilipili na mnanaa vinaingiaje hapa?

Kemikali iliyo ndani ya pilipili hufungua kile kijilango cha TRPV1 bila joto lolote kuwapo. Ubongo unapokea habari ya moto na kujibu kwa kinachofaa moto: uso unaiva na jasho linatoka kwenye paji. Mnanaa hufanya kinyume, unagusa kijilango cha baridi. Dawa za kupaka za kikohozi zenye harufu kali humfanya mtu ahisi ubaridi kifuani, lakini hazishushi homa.

## Amri zinazotoka

8. Ubongo hufanya nini joto linapozidi?

Kwanza hufungua mishipa ya damu ya ngozi, ili damu ya moto ije karibu na hewa. Ikiwa haitoshi, hutuma ishara kwa tezi za jasho, ambazo mtu anazo kati ya milioni 2 na milioni 4. Tatu, hukubadilisha tabia: unatafuta kivuli, unavua shati, unakosa hamu ya kufanya kazi nzito. Watu huudharau uvivu wa saa nane mchana, ilhali nao ni amri ya ubongo na unafanya kazi halali.

Jasho halipozi kwa kutoka. Hupoza kwa kukauka. Lita moja ya jasho ikikauka yote juu ya ngozi huondoka na kilokalori 580 hivi. Ikidondoka chini, haijasaidia kitu. Hapo ndipo Dodoma na Mombasa zinapoachana. Dodoma hewa ni kavu, jasho linatoweka kabla hujaliona. Mombasa, Dar es Salaam au Muscat wakati wa unyevu mwingi, hewa imeshajaa maji, jasho linabaki kukuteremka mgongoni na joto liko palepale. Kwa hiyo usipime hatari kwa nyuzi za kipimajoto cha ukutani peke yake. Nyuzi 33 zenye unyevu mzito zinaweza kumwangusha mtu kuliko nyuzi 38 za ukame.

9. Na baridi inapoingia?

Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalitarajii. Tungedhani ubongo huwasha kitu. Kinachotokea kwa sehemu kubwa ni kwamba huacha kuzuia.

Fikiria gari lililo kwenye mteremko, dereva ameweka mguu kwenye breki. Seli za prioptiki ndizo mguu huo. Muda wote zinatuma kemikali ya kuzuia kwa seli za nyuma ya haipothalamasi na za shina la ubongo, zile zenye uwezo wa kuamuru mwili uzalishe joto. Ngozi ikipeleka habari ya baridi, mguu unalegea, na seli hizo zilizokuwa zimezuiwa zinatuma amri zake kupitia uti wa mgongo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Nagoya walionyesha mwaka 2022, kwa panya, kwamba kundi mahususi la seli za prioptiki huibana na kuilegeza breki hiyo kulingana na joto la mazingira. Shika jambo hili, kwa sababu homa haieleweki bila hilo.

Breki ikilegea, mishipa ya ngozi hubana, vinyweleo husimama, mafuta ya kahawia huchomwa (swali la 18), na mwisho misuli hutetemeka. Kutetemeka kwa nguvu kunaweza kuzidisha uzalishaji wa joto hadi mara tano ya kawaida, lakini huchosha upesi.

10. Mbona mgeni anateseka na joto la pwani, na wenyeji wanafanya kazi zao?

Kwa sababu mwili hujifunza. Mtu akikaa na kufanya kazi kwenye joto kwa siku 10 hadi 14, jasho lake huanza mapema zaidi, linakuwa jingi na lenye chumvi kidogo, na maji ya damu huongezeka ili moyo usizidiwe. Akirudi kwenye baridi kwa wiki kadhaa, hupoteza karibu yote. Kijana aliyetoka Njombe au Limuru akapata kibarua cha ujenzi Ghuba asipangiwe zamu kamili ya jua siku ya kwanza. Waajiri wanaolipuuza hili wanaua watu, na siku za mwanzo ndizo za hatari kubwa.

11. Wanariadha bora nao hushindwa na joto?

Ndiyo. Kati ya nishati yote inayotumika misulini, takriban robo tatu hugeuka joto. Damu ileile inatakiwa na misuli ili ikimbie na ngozi ili ipoe, na haitoshi kote. Katika marathoni ya wanawake ya Mashindano ya Dunia huko Doha, Septemba 2019, mbio zilianzishwa karibu usiku wa manane, lakini joto lilikuwa karibu nyuzi 33 na unyevu zaidi ya asilimia 70. Kati ya wakimbiaji 68, 28 hawakumaliza. Ruth Chepngetich wa Kenya alishinda kwa saa 2:32:43, muda wa polepole kwa mtu wa kiwango chake. Wiki mbili baadaye Eliud Kipchoge alikimbia masafa hayohayo kwa saa 1:59:40 huko Vienna, ambako waandaaji walichagua asubuhi ya ubaridi kwa makusudi.

Wakati wa mbio kama hizo ubongo hupunguza kasi ya mkimbiaji kabla hajaungua. Anayejilazimisha kupita onyo hilo ndiye huanguka.

## Homa

12. Homa ni nini hasa? Kwa nini naona baridi ilhali mwili unachemka?

Homa ni joto lililopandishwa na ubongo wenyewe, kwa kukusudia. Seli za kinga zinapokutana na vijidudu hutoa protini za kutoa taarifa. Zikifika kwenye mishipa ya damu ya ubongo, kuta za mishipa hiyo hutengeneza kemikali iitwayo prostaglandini E2. Kemikali hii hupenya hadi prioptiki na kunyamazisha zile seli za breki za swali la 9.

Sasa ubongo unataka nyuzi 39 badala ya 37. Damu yako bado iko 37, kwa hiyo kwa hesabu mpya wewe ni mtu aliyepoa. Unatetemeka, miguu inakuwa ya baridi, unajikunja chini ya blanketi. Mtetemeko huo si alama kwamba umepigwa na baridi ya nje. Ni mwili unaokimbilia lengo jipya. Ukilifikia, baridi hutoweka. Kemikali ikiisha, lengo linarudi chini, na sasa uko juu ya lengo: unaloa jasho na kutupa blanketi.

13. Ndiyo maana malaria huja kwa zamu?

Ndiyo, na malaria huonyesha hatua hizo waziwazi: baridi na mtetemeko, joto kali, kisha jasho na uchovu. Vimelea hupasua chembe nyekundu za damu kwa pamoja na kumwaga uchafu unaoamsha kinga, na kila mpasuko huanzisha mzunguko. Katika malaria ya *falciparum*, iliyo ya kawaida zaidi kwetu, mzunguko wa saa 48 mara nyingi huwa haueleweki na homa hupanda na kushuka ovyo. Homa kushuka jioni haina maana kwamba malaria imekwisha. Pima.

14. Panadol hufanyaje kazi? Inatibu ugonjwa?

Paracetamol huzuia kutengenezwa kwa prostaglandini, kemikali inayoufanya ubongo upandishe joto (swali la 12), hivyo breki ya swali la 9 inarudi mahali pake na lengo, yaani joto ambalo ubongo unalitaka, linashuka. Aspirini hufuata njia hiyohiyo. John Vane aliieleza mwaka 1971 na kupata Nobel mwaka 1982. Aspirini haipewi watoto wenye homa ya virusi kwa sababu ya hatari ya ugonjwa wa Reye, unaoharibu ini na ubongo.

Dawa hizi hazigusi vimelea wala bakteria. Mtoto aliyepoa baada ya paracetamol bado ana ugonjwa uleule aliokuwa nao saa moja iliyopita. Usizidishe dozi kwa kuona joto halishuki haraka: paracetamol nyingi huharibu ini.

15. Je, kila homa lazima ishushwe?

Hapana. Homa ya wastani huzisaidia seli za kinga na kuvibana vijidudu vingi. Mtoto anayecheza na kunywa vizuri akiwa na 38.3 hahitaji dawa ya kushusha. Anahitaji kujulikana anaumwa nini. Mpe dawa anapoteseka: maumivu, kukosa usingizi, kukataa kunywa.

Mambo mawili yaachwe. Usimfunike mablanketi mazito ili atoe jasho, na usimwogeshe maji ya baridi sana. Maji ya baridi hupoza ngozi huku lengo la ubongo likiwa bado juu, kwa hiyo mtoto hutetemeka na kuzalisha joto zaidi, tena akiteseka.

Mtoto wa chini ya miezi mitatu mwenye homa yoyote apelekwe kituo cha afya hapohapo. Vivyo hivyo mtoto yeyote asiyeweza kunywa au kunyonya, anayetapika kila kitu, aliyelegea, mwenye shingo ngumu au anayepumua kwa shida.

16. Kuna tofauti gani kati ya homa na kiharusi cha joto?

Ukisoma jibu moja tu kwenye ukurasa huu, liwe hili. Kwenye homa, ubongo umeagiza joto lipande. Kwenye kiharusi cha joto ubongo haujaagiza chochote; umeshindwa. Lengo bado ni 37, amri za kupoza zimetolewa zote, lakini joto linaloingia linazidi linalotoka. Mwili unapita nyuzi 40, seli za ubongo zenyewe zinaanza kuumia, na mgonjwa anachanganyikiwa, anaongea visivyoeleweka, anapepesuka, anapata mishtuko au anazimia. Ngozi inaweza kuwa kavu, lakini aliyekuwa akifanya kazi ngumu huweza kuwa bado ameloa jasho. Usingoje ikauke.

Kwa kuwa hapa hakuna prostaglandini iliyosogeza lengo, paracetamol na aspirini hazisaidii chochote na zinaweza kudhuru. Kinachookoa ni maji. Mtoe juani, mvue nguo, mmwagie maji mwili mzima na kumpepea bila kuacha, weka barafu shingoni, kwapani na kwenye nyonga. Kijana aliyeanguka kwenye mazoezi azamishwe kwenye pipa au beseni kubwa la maji ya baridi, kichwa kikiwa nje na mtu akimshikilia. Anza kumpoza hapohapo huku gari likitafutwa. Kila dakika ina thamani. Asiyejitambua asinyweshwe kitu.

Angalia basi kwamba maji ya baridi, tuliyoyakataza kwenye swali la 15, hapa ndiyo tiba.

17. Degedege husababishwa na nini? Ni homa au ni pepo?

Ubongo wa mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5 haujakomaa. Joto linapopanda, seli zake husisimka kupita kiasi na kupiga ishara kwa pamoja bila mpangilio. Macho yanapinduka, mwili unakakamaa na kurukaruka. Mara nyingi huisha kwa dakika chache, na wengi hawabaki na madhara. Huwa pia kuna urithi wa kifamilia.

Pwani na bara wapo wanaoamini mtoto amepitiwa na ndege wa kishetani, na kwamba sindano ya hospitali itamuua. Tunaelewa hofu hiyo. Hakuna jambo linalomtisha mzazi kuliko hili. Lakini imani hiyo imezika watoto wengi, kwa sababu mahali penye malaria degedege inaweza kuwa malaria iliyopanda kichwani, au homa ya uti wa mgongo, na zote mbili huua kwa saa chache zisipotibiwa. Wanaokufa wamefikishwa wakiwa wamechelewa, na sindano ikasingiziwa.

Mlaze kwa ubavu, ondoa vitu vya kumuumiza, usimshike kwa nguvu, usimtie kijiko wala kidole mdomoni, usimnyweshe dawa. Angalia saa. Ikipita dakika 5, au ikijirudia, au asipozinduka vizuri, ni dharura. Hata ikiisha mapema, apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo ajulikane anaumwa nini. Kumpa paracetamol mapema humpa nafuu, ila hakujathibitika kuzuia degedege, kwa hiyo mama asijilaumu kwamba alichelewa kumpa.

## Watu wenye mahitaji tofauti

18. Mtoto mchanga hupata baridi hata Dar es Salaam?

Hupata, tena upesi. Ana ngozi kubwa ukilinganisha na uzito wake, anazaliwa ameloa, na hajui kutetemeka kama sisi. Kinga yake ni mafuta ya kahawia yaliyo kati ya mabega, shingoni na karibu na figo, ambayo huchomwa kwa amri ya haipothalamasi ili yatoe joto tu. Njiti huzaliwa akiwa nayo kidogo mno. WHO inataka mchanga awe kati ya nyuzi 36.5 na 37.5.

Mkaushe mara moja, mweke kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, mvishe kofia, na ahirisha kuogesha angalau saa 24. Njia ya kumbeba kwa mtindo wa kangaroo ilianzishwa Bogotá, Kolombia, mwaka 1978 na daktari Edgar Rey Sanabria kwa upungufu wa mashine za kutunzia njiti. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 katika nchi tano, Tanzania ikiwamo, ulionyesha kwamba kuwaanza mapema watoto wa kilo 1 hadi 1.8, bila kungoja waimarike, kulipunguza vifo kwa robo. Kifua cha mama si mbadala wa unyonge. Ni tiba.

19. Wazee je?

Hisia ya kiu hupungua, jasho huchelewa, na mishipa ya ngozi haifunguki kama zamani. Dawa za kuongeza mkojo na baadhi za akili au mzio huongeza hatari. Mzee pia huweza kuwa na maambukizi makali bila homa kubwa. Bibi aliyechanganyikiwa ghafla apelekwe hospitali hata kipimajoto kikisoma 37.

20. Kwa nini wanawake wanaokoma hedhi hupandwa na joto ghafla?

Kuna seli za haipothalamasi ambazo kwa kawaida hutulizwa na homoni ya estrojeni. Estrojeni ikipungua, seli hizo huchangamka na kupeleka ishara eneo la prioptiki, ambalo linaamini mwili una joto kupita kiasi: kifua na uso vinaiva, jasho linamwagika, kisha baridi. Si mawazo wala si hasira. Dawa ya kwanza inayozilenga ishara za seli hizi, fezolinetant, iliidhinishwa Marekani Mei 2023.

21. Pombe si huleta joto?

Huleta hisia yake tu. Hufungua mishipa ya ngozi, ngozi inapata moto na kuuambia ubongo mambo mazuri, huku joto la ndani likitoka. Kwenye miteremko ya Kilimanjaro usiku, konyagi humpoza mtu kwa kasi zaidi.

## Maswali ya nadra

22. Aliyeumia uti wa mgongo anadhibitije joto?

Ubongo wake ni mzima, lakini amri hazipiti. Aliyeumia juu, shingoni au sehemu ya juu ya mgongo, hawezi kutoka jasho wala kutetemeka chini ya jeraha, na ubongo haupati habari ya ngozi ya huko. Anaweza kupata joto la hatari kwa kukaa tu kwenye kiti cha magurudumu juani. Chupa ya kunyunyizia maji na kivuli ni vifaa vyake vya lazima.

23. Kila mnyama hulinda joto lake hivi?

Hapana. Ngamia aliyekosa maji huruhusu joto lake lishuke hadi 34 usiku na kupita 40 mchana, ili asitumie maji kwa jasho. Fuko asiye na manyoya wa Kenya, Ethiopia na Somalia karibu ameiacha kazi hii kabisa: joto lake hufuata la shimo, na wakisikia baridi hulundikana pamoja.

24. Je, seli hizi zinaweza kuamriwa zipoze mwili wa mtu kwa makusudi?

Kwa panya, ndiyo. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Tsukuba, Japani, waliamsha kundi dogo la seli za haipothalamasi na panya wakaingia hali ya kama usingizi wa majira ya baridi kwa siku kadhaa, joto na matumizi ya oksijeni vikishuka sana, kisha wakaamka salama. Kundi la Harvard lilitangaza matokeo ya jirani mwaka huohuo. Tumaini ni kwamba siku moja mgonjwa wa kiharusi au jeraha kubwa atapunguziwa mahitaji ya oksijeni akiwa njiani kwenda hospitali. Kwa binadamu bado hakuna aliyefanya hivyo.

25. Mtu anaweza kupoa kiasi gani na kuishi?

Chini ya nyuzi 35 ni hatari. Kuelekea 30 mtetemeko huacha, na mtu anaweza hata kuanza kuvua nguo kwa sababu hisia zimevurugika. Lakini Mei 1999 Anna Bågenholm, daktari Mswidi, alinaswa chini ya barafu ya kijito karibu na Narvik, Norwei, kwa dakika 80. Alifikishwa hospitali ya Tromsø akiwa na nyuzi 13.7, moyo umesimama. Walimpasha damu polepole kwa mashine. Baridi ilikuwa imepunguza mahitaji ya ubongo kabla oksijeni haijaisha, naye akapona na kurudi kwenye udaktari. Ndiyo sababu madaktari wa dharura hawamtangazi aliyeganda kuwa amekufa mpaka wampashe joto kwanza.